Mkono Uliofichwa: Wanahistoria wa Katuni na Majarida ya Karatasi Hafifu ya Marekani

Mwaka 1965 Jerry Bails, mwalimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, alitoa makala mafupi katika kijarida kilichorudufiwa kwa mashine na kupelekwa kwa posta kwa wapenzi wachache wa katuni. Makala hayo yalitokana na mazungumzo yake na Bill Finger, mtu wa makamo aliyekuwa ameandika hadithi za Batman tangu ile ya kwanza ya 1939, lakini ambaye jina lake halikuwekwa mahali pa muumbaji. Mahali hapo palikaliwa na mchoraji Bob Kane peke yake, kwa sababu ndiye aliyetia sahihi mkataba. Bails alishikilia kwamba mengi ya yale yaliyomfanya Batman ajulikane yalitoka kwa Finger. Kane alijibu kwa barua ya wazi, akakana, na kudai kwamba uumbaji ulikuwa wake. Finger alifariki mwaka 1974. Mwaka 1989 Kane mwenyewe alikiri katika tawasifu yake kwamba mwenzake alistahili kutajwa; na mwaka 2015, miaka hamsini baada ya kile kijarida, kampuni ya DC ikakubali kuliweka jina la Finger kando ya jina la Kane.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha dhuluma na haki iliyochelewa, na hapana shaka kwamba ndivyo kilivyo. Kwa mhakiki, hata hivyo, kina faida nyingine: kinaonyesha ni watu wa namna gani walioandika historia ya aina hii ya maandishi, walitumia ushahidi gani, na walikuwa wakitafuta nini. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maswali hayo. Majarida yanayohusika ni yale yaliyochapishwa kwa karatasi ya rojo la miti, karatasi nyepesi, ya bei ndogo, yenye asidi, ambayo baada ya miaka michache hugeuka manjano na kuvunjika mkononi. Humu yataitwa majarida ya karatasi hafifu. Vitabu vya katuni vilivyoyafuata vilirithi karatasi hiyo, na zaidi ya karatasi.

Jambo la kwanza linalomgusa msomaji wa historia hizi ni kwamba karibu zote za mwanzo ziliandikwa nje ya chuo kikuu. Bails alikuwa mwalimu, lakini somo lake halikuwa fasihi, na kazi yake juu ya katuni aliifanya usiku nyumbani. Jules Feiffer, aliyetoa The Great Comic Book Heroes mwaka 1965, alikuwa mchoraji ambaye katika ujana wake alifanya kazi chini ya Will Eisner. Jim Steranko, ambaye juzuu zake mbili za historia ya katuni zilitoka mwaka 1970 na 1972, alikuwa mchoraji pia. Ron Goulart, mwandishi wa Cheap Thrills ya 1972, ambayo ni miongoni mwa historia za mwanzo za majarida ya karatasi hafifu, alikuwa mtunzi wa hadithi za sayansi na za upelelezi. Wakati huo idara za fasihi za Marekani zilikuwa zikimfundisha Melville na James, na mtu aliyependekeza kuchunguza jarida la senti kumi angeonekana amekosa kazi. Kwa hiyo kazi ikafanywa na walioipenda. Upendo huo ndio nguvu ya historia hizi na, kama itakavyoonekana, ndio udhaifu wake.

Kati ya hao wanne, Feiffer ndiye mwandishi bora wa nathari. Insha yake ni fupi, ina ucheshi, na haioni haya kusema kwamba hadithi alizozipenda utotoni zilikuwa takataka. Anachotetea ni haki ya mtoto kuwa na takataka yake mwenyewe ambayo wakubwa hawaitawali. Steranko hana upole huo. Kitabu chake kimejaa shauku na sifa nyingi mno, lakini aliona jambo ambalo wengi baada yake walilisahau, nalo ni kwamba historia ya vitabu vya katuni haiwezi kuanza na vitabu vya katuni. Katika juzuu ya kwanza alitenga sura nzima kwa majarida ya karatasi hafifu. Lilikuwa jambo la busara, na sababu zake zafaa kuelezwa kirefu.

Frank Munsey aliligeuza jarida lake la Argosy mwaka 1896 likawa la hadithi tupu, zilizochapwa kwa karatasi hiyo duni. Hesabu yake ilikuwa rahisi: karatasi ya bei ndogo, mashine za kasi, waandishi wanaolipwa kwa neno, na wasomaji wengi wa tabaka la wafanyakazi ambao hawakuweza kununua majarida ya karatasi laini. Kampuni ya Street & Smith ya New York, iliyokuwa imezoea biashara ya vitabu vya senti kumi, iliifuata njia hiyo na kutoa mwaka 1915 jarida la kwanza la hadithi za upelelezi peke yake. Baadaye yakaja Black Mask mwaka 1920, Weird Tales mwaka 1923, Amazing Stories mwaka 1926. Katika Black Mask Dashiell Hammett alijenga mtindo ambao leo unafundishwa katika vyuo vikuu. Katika Weird Tales walitoka H. P. Lovecraft na Robert E. Howard. Hao ni wachache walionusurika. Mamia ya waandishi wengine walipokea hundi zao, wakaandika hadithi nyingine, na wakasahauliwa.

Kusahauliwa kwao hakukuwa bahati mbaya tu. Kulikuwa sehemu ya utaratibu wa uzalishaji. Mwaka 1930 kampuni ya Street & Smith iligharimia mchezo wa redio ambao msimulizi wake alijiita The Shadow. Wasikilizaji wakaanza kwenda kwenye vibanda vya magazeti kuuliza jarida la The Shadow, jarida ambalo halikuwapo. Mwaka 1931 likawapo. Jina la mwandishi lililowekwa, Maxwell Grant, lilikuwa mali ya kampuni. Mtu aliyeandika alikuwa Walter Gibson, mwandishi wa habari na mjuzi wa mazingaombwe, ambaye aliandika riwaya 282 kati ya 325 za mfululizo huo. Doc Savage wa 1933 alikuwa na Kenneth Robeson, jina jingine la nyumba, na nyuma yake Lester Dent kwa sehemu kubwa. Faida ya mpango huu kwa mchapishaji ni wazi. Mwandishi akiugua, akidai nyongeza au akifa, jina halifi. Msomaji hajui kwamba mkono umebadilika, na mwandishi hana cha kudai.

Vitabu vya katuni viliuchukua utaratibu huohuo na kuukaza zaidi. Katika karakana ya Eisner na Iger, iliyoanzishwa New York mwaka 1936, ukurasa mmoja ulipitia mikono mingi: huyu anabuni kisa, yule anachora kwa penseli, mwingine anatia wino, mwingine anaandika maneno. Sahihi iliyo chini ya ukurasa, kama ipo, huenda isiwe ya yeyote kati yao. Kwa miaka mingi kurasa zilizotoka kwa jina la Kane zilichorwa na Jerry Robinson, na baadaye na Sheldon Moldoff, pamoja na wengine.

Hapa ndipo thamani ya kazi ya Bails inapoonekana. Kati ya 1973 na 1976, pamoja na Hames Ware, alitoa juzuu nne za Who's Who of American Comic Books, orodha ya waandishi na wachoraji na kazi zao. Si kitabu cha kusomwa kwa starehe. Ni majina, miaka, vifupisho. Lakini ili kuyapata majina hayo watu wawili hawa walifanya kazi ambayo mwanafilolojia yeyote angeiheshimu. Walipeleka hojaji kwa wazee wa kazi hiyo popote walipojulikana wanaishi. Walilinganisha kurasa kwa kurasa, wakitazama jinsi mchoraji fulani anavyochora sikio, kiganja au kunjo la nguo, kwa kuwa katika vitu hivyo visivyoangaliwa ndipo mkono hujisaliti. Anayehariri miswada ya tenzi za kale, ambapo mtunzi na mnakili huchanganyika, ataitambua njia hii mara moja. Tofauti ni kwamba Bails na Ware walikuwa na mashahidi hai, na walijua kwamba mashahidi hao walikuwa wakifa.

Kwa upande wa majarida, ushahidi ulikuwa wa aina nyingine. Makaratasi ya kampuni ya Street & Smith yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse, na watafiti kama Will Murray wameweza kutenganisha mkono na mkono chini ya jina moja la nyumba. Kazi hii yaweza kuonekana ya karani. Matokeo yake, lakini, yanaweza kutikisa kila kitu kilichojengwa juu yake, na mfano bora unamrudisha msomaji kwa Bill Finger.

Steranko alipozungumza na Finger kwa ajili ya kitabu chake cha 1970, Finger alimweleza bila kuficha kwamba hadithi yake ya kwanza ya Batman ilitokana na hadithi ya The Shadow. Maneno hayo yalichapishwa, yakasomwa na wengi, na kwa zaidi ya miaka thelathini yakaachwa yalivyo, kana kwamba ni adabu tu ya mtu mnyenyekevu. Mwaka 2007 Murray na Anthony Tollin walionyesha ni hadithi ipi: Partners of Peril, iliyotoka katika jarida hilo mwezi wa Novemba 1936. Mfanano si wa mawazo ya jumla. Kisa cha ushirika wa wenye kiwanda cha kemikali wanaouawa mmoja mmoja kimechukuliwa karibu kizima. Na jina lililoandikwa juu ya Partners of Peril ni Maxwell Grant. Ila mara hii Maxwell Grant hakuwa Gibson. Alikuwa Theodore Tinsley, mwandishi wa pili aliyeletwa na kampuni kumsaidia Gibson.

Yafaa kusimama hapa. Nyuma ya Kane aliyetia sahihi yuko Finger aliyefichwa. Nyuma ya Finger yuko Tinsley aliyefichwa zaidi, chini ya jina ambalo si lake wala la mtu yeyote. Vita vya nusu karne vya kumrudishia Finger jina lake vilipiganwa kwa haki, lakini vilipiganwa kwa dhana moja, kwamba kuna muumbaji mmoja wa kweli ambaye akipatikana kesi imekwisha. Ushahidi wa wanahistoria wenyewe unaivunja dhana hiyo. Hadithi hizi zilizunguka kama zinavyozunguka ngano: msimulizi huchukua kisa cha mwenzake, hubadili wahusika, huongeza tukio. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hashangazwi na jambo hilo. Ila ulinganisho huu usipelekwe mbali kupita kiasi. Ngano haina mwenye hatimiliki anayepokea kodi kila inaposimuliwa. Batman anaye. Kwa sababu hiyo swali la nani aliandika, ambalo kwa mwanafasihi simulizi laweza kuwa swali la pili, hapa ni swali la mkate. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130 mwaka 1938. Mpaka mwaka 1975 ndipo kampuni mama, baada ya aibu kubwa magazetini, ilipokubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao.

Mwanahistoria mwenye upeo angetakiwa kuyashika mambo haya mawili kwa pamoja: kwamba maandishi haya ni ya mikono mingi, na kwamba kila mkono ulistahili ujira na jina. Wengi wameshika moja tu. Marc Tyler Nobleman, ambaye kitabu chake cha 2012 juu ya Finger kiliandikwa kwa ajili ya watoto, amelishika la pili kwa ushupavu wa kupendeza. Alimtafuta mjukuu wa Finger mpaka akampata, na ndiye mjukuu huyo aliyeweza kuisukuma kampuni. Ni nadra kitabu cha picha cha watoto kufanya kazi ambayo tasnifu za wataalamu hazikuifanya. Hata hivyo katika masimulizi ya aina hii Kane huwa mwovu wa hadithi na Finger huwa shujaa wake, na mchapishaji, aliyeuandika mkataba na kuuona kuwa unamfaa, hutoka jukwaani bila kuulizwa.

Mchapishaji huyo ndiye aliyerudishwa jukwaani na Gerard Jones katika Men of Tomorrow ya 2004. Jones anamfuata Harry Donenfeld, mfanyabiashara aliyetoa majarida ya karatasi hafifu yenye hadithi za ashiki, na mhasibu wake Jack Liebowitz, jinsi walivyoichukua kampuni ya Meja Malcolm Wheeler-Nicholson, mwanajeshi wa zamani na mwandishi wa majarida hayohayo, na kujikuta na Superman mikononi. Msomaji anaona kwamba fedha, wachapaji na njia za usambazaji zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni bidhaa. Upungufu wa Jones ni wa fani. Mara kwa mara anaingia katika mawazo ya watu waliokwisha kufa kama mwandishi wa riwaya, na msomaji hana njia ya kujua wapi ushahidi unaishia na wapi ubunifu unaanzia. Goulart, kwa uchache wa maneno yake, anaaminika zaidi.

Suala la kuhifadhi haliwezi kupitwa. Maktaba za Marekani ziliingiza magazeti yao ya kale katika mikrofilamu na kuyatupa majalada, pamoja na kurasa za rangi za Jumapili ambazo mikrofilamu iliziua kuwa nyeusi na nyeupe. Bill Blackbeard wa San Francisco aliona hatari hiyo. Alipotaka kuyachukua majalada aliambiwa kwamba maktaba haziwezi kumpa mtu binafsi mali ya umma. Basi mwaka 1968 akaanzisha chuo cha sanaa ya katuni, chuo ambacho jengo lake lilikuwa nyumba yake mwenyewe, na majalada yakaanza kuja. Yalijaa vyumbani mpaka gereji. Mkusanyo huo ulipohamishiwa Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1997 na 1998 ulikuwa na uzito wa tani 75 na ulihitaji malori makubwa sita. Chuo kikuu, kwa hiyo, kilikuja kukipokea kwa heshima kile ambacho vyuo na maktaba vilikuwa vimekitupa. Waliowahi kutafuta nakala za African Film, jarida la picha la Drum ambalo Lance Spearman wake alisomwa sana Nairobi katika miaka ya sitini na sabini, hawatakosa kumwonea Blackbeard wivu.

Lakini mkusanyaji ana macho yake, na macho hayo yameingia katika historia. Tangu mwaka 1970 Robert Overstreet amekuwa akitoa mwongozo wa bei za vitabu vya katuni, ambao polepole ukawa pia rejea ya kihistoria. Mgawanyo wa vipindi unaotumiwa na karibu kila mwandishi, Enzi ya Dhahabu na Enzi ya Fedha, ulianzia kwa wapenzi na ukakomazwa na soko. Kinachothaminiwa ni toleo la kwanza la mhusika fulani, hali ya jalada, uadimu. Hadithi iliyochapishwa mara nyingi na kupendwa na watoto wengi ina bei ndogo, kwa hiyo ina kurasa chache katika historia. Nakala ya Action Comics namba 1 iliuzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 3.2. Miaka miwili kabla yake ile hundi yenyewe, ambayo ndani ya jumla yake ya dola 412 zimo zile 130 za Superman, ilipigwa mnada kwa dola 160,000. Waandishi wengi walizisimulia habari hizi kwa furaha, kama ushahidi kwamba katuni hatimaye zimeheshimiwa. Ni heshima ya ajabu hiyo, inayomfanya mwenye karatasi kuwa tajiri kuliko aliyeijaza.

Upendo uleule ulipotosha pia hukumu juu ya maadui. Daktari wa maradhi ya akili Fredric Wertham alitoa Seduction of the Innocent mwaka 1954, akidai kwamba katuni huwaharibu watoto. Mwaka huohuo kamati ndogo ya Baraza la Seneti ilifanya vikao New York, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali ya kujihakiki. Kampuni zilifungwa. David Hajdu, katika kitabu chake cha 2008, ameweka mwishoni orodha ya mamia ya wasanii ambao hawakufanya tena kazi ya katuni, na orodha hiyo kavu ina uzito kuliko sura zote zinazoitangulia. Basi si ajabu kwamba kwa miongo mingi Wertham alichorwa kama mchawi. Ila wanahistoria hao hawakupenda kutaja kwamba mtu huyo alifungua mwaka 1946 zahanati ya Lafargue huko Harlem kwa ajili ya Weusi waliokuwa hawapati huduma hiyo, wala kwamba ushahidi wake juu ya madhara ya kutenga shule kwa rangi ulitumika katika kesi ya Delaware, mojawapo ya zile zilizoishia katika hukumu ya Mahakama Kuu ya 1954. Bart Beaty alilieleza hilo vizuri mwaka 2005. Kisha makaratasi ya Wertham yakafunguliwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2010, na Carol Tilley, mtaalamu wa ukutubi, akaenda kuyasoma. Makala yake ya 2012 yalionyesha kwamba Wertham alibadili maneno ya watoto aliowahoji, aliunganisha watoto kadhaa wakawa mmoja, na aliacha habari zilizopinga hoja yake. Wapenzi wa katuni walikuwa wamemshuku kwa miaka hamsini kwa sababu walimchukia. Tilley alimthibitishia kosa kwa sababu alikwenda kwenye makasha. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti kati ya ugomvi na historia.

Kuna kimya kingine ambacho kwa msomaji wa Afrika hakivumiliki. Tarzan alizaliwa katika jarida la karatasi hafifu, The All-Story, mwezi wa Oktoba 1912. Edgar Rice Burroughs hakuwahi kukanyaga Afrika, na katika toleo la jarida alimweka chui milia wa Bara Hindi katika msitu wa Kiafrika. Kitabuni mnyama huyo akageuzwa kuwa simba jike. Wanahistoria hulitaja kosa hilo la mnyama kwa tabasamu. Juu ya watu waliowekwa katika msitu huo husema machache zaidi. Sheena wa Jumbo Comics, tangu 1938, na Jungle Comics ya kampuni ya Fiction House, tangu 1940, walijaza kurasa kwa Waafrika wasio na majina, wanaokimbia, wanaoabudu na wanaouawa. Na kwa muda mrefu uhakiki uliotolewa juu ya majarida hayo ulihusu ustadi wa kuchora miguu ya mwanamke mweupe. Hata mambo ya ndani ya Marekani yalipita kimya kimya. Mhusika Steamboat, mtumishi Mweusi aliyechorwa kwa dhihaka katika hadithi za Captain Marvel, aliondolewa mwaka 1945 baada ya vijana wa shule wa New York kwenda kumkabili mhariri. Tukio kama hilo lingetosha kuwa sura. Mara nyingi limekuwa sentensi.

Marekebisho yamekuja kutoka pembeni. Trina Robbins, mchoraji mwenyewe, alitoa mwaka 1985, pamoja na Catherine Yronwode, kitabu kilichoonyesha idadi kubwa ya wanawake waliochora tangu mwanzo. Aliwarudisha watu kama Lily Renée, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Vienna aliyechora kwa Fiction House wakati wa vita. Nancy Goldstein aliandika mwaka 2008 juu ya Jackie Ormes, ambaye katuni zake zilitoka tangu 1937 katika gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier, gazeti ambalo wakusanyaji wengi hawakulifungua. Ken Quattro, katika Invisible Men ya 2020, amewafuata wachoraji Weusi waliofichwa mara mbili, na karakana na rangi: Matt Baker, aliyekufa mwaka 1959 akiwa na miaka 37, na wengine ambao wasomaji weupe hawakujua kwamba ni Weusi. Quattro anatoa nafasi pia kwa Orrin C. Evans, mwandishi wa habari wa Philadelphia, aliyechapisha All-Negro Comics mwaka 1947 kwa senti 15. Ndani yake Lion Man, mwanasayansi Mweusi, anatumwa kulinda madini ya uranium huko Gold Coast. Ni Afrika iliyobuniwa pia, lakini imebuniwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuiheshimu. Toleo la pili halikutoka, kwa kuwa wauzaji walikataa kumpa Evans karatasi.

Sehemu ambayo bado haijajazwa ni ya msomaji. Erin Smith alijaribu mwaka 2000 kumpata msomaji mfanyakazi wa majarida ya upelelezi kwa kuchunguza matangazo yaliyomo: masomo ya ufundi kwa njia ya posta, namna ya kuzungumza kwa ufasaha, namna ya kujenga misuli. Hoja yake kwamba mpelelezi wa Hammett ni mfanyakazi anayepigania uhuru wa kazi yake inavutia, ingawa mara nyingine anaiamini mno sauti ya tangazo. Kwa upande wa katuni Tilley ameendelea tena kwenye makasha, mara hii akisoma barua ambazo watoto waliiandikia ile kamati ndogo ya Seneti mwaka 1954 kuzitetea katuni zao, wakitia majina yao na umri wao. Barua hizo zilikuwa zimehifadhiwa wakati wote huo na serikali. Baadhi ya wanahistoria wa kwanza walikuwa watoto wa umri huohuo mwaka ule, wakisoma vitabu hivyohivyo, na baadaye walisafiri nchi nzima kumtafuta mzee mmoja aliyewahi kutia wino kurasa sita. Barua za wenzao hawakuziulizia.